Mashine Inashika Halafu Inakata: Kutafuta Chanzo kwenye Pampu, Jenereta na Injini ya Boti

Malalamiko ni yaleyale, kuanzia mashamba ya mboga ya Igombe na Kayenze hadi mialo ya wavuvi ya Ukerewe na Kome, Ziwa Victoria: "Fundi, inawaka vizuri tu, halafu inakata." Anayesema hivyo huwa ameshanunua plagi mpya, na bado mashine inakata. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wamefungua injini, wamebadilisha ringi, wamemaliza fedha ya mbolea, kumbe tatizo lilikuwa kitundu kimoja cha kabureta kisichopitisha hata sindano ya kushonea.

Mashine iliyowaka, hata kwa sekunde tatu, imeshakuambia mambo mawili: moto kwenye plagi upo, na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya kuiwasha ipo. Kwa hiyo usianzie huko. Kinachokosekana ni mwendelezo. Ama mafuta hayaendelei kufika, ama hewa na mafuta havichanganyiki kwa kipimo, ama kuna kitu kinachokata moto wakati mashine inataka kuendelea. Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha kabla hujagusa spana.

Ninazungumzia injini ndogo za petroli zenye kabureta: pampu za maji za inchi 2 na inchi 3, jenereta za dukani, na injini za boti. Pampu na jenereta nyingi zinazouzwa mjini Mwanza, hata zenye majina usiyoyajua, zimeigwa kutoka injini ya Honda GX160, ndiyo maana vipimo vyake hukaribiana. Kama una mwongozo wa mashine yako, ufuate huo kwanza. Mashine za dizeli na pikipiki mpya zisizo na kabureta zina mambo yake, usizipimie kwa maelezo haya.

Kabla ya kushika spana

Toa mashine nje. Jenereta inayojaribiwa ndani ya duka au kwenye korido hutoa moshi wenye sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na imeua watu waliolala chumba cha jirani. Dirisha wazi halitoshi. Usivute sigara, usiweke karibu jiko la mkaa, na mashine iliyotoka kufanya kazi iache ipoe kabla ya kufungua mafuta. Petroli ikidondokea eksozi ya moto, mara moja tu inatosha kuwasha moto.

Kisha angalia vitu vinne, kwa mpangilio huu, maana ndivyo vinavyosahaulika zaidi: mafuta yamo kwenye tangi kweli? Koki imefunguliwa? Oili imefika kipimo? Choki iko upande gani? Usiamini geji ya tangi, fungua kifuniko utazame. Usiamini pia kwamba kijana aliyeifunga jana usiku aliiacha koki wazi.

Baada ya hapo washa, na usikilize kwa makini inavyokufa. Zipo namna mbili. Ya kwanza, inafifia: sauti inashuka, inakohoa, pengine inapanda na kushuka kabla ya kunyamaza. Hiyo ni njaa ya mafuta au mchanganyiko mbaya. Ya pili, inakata ghafla kwa sauti iliyojaa, kana kwamba mtu amezima swichi. Hapo moto umekatwa, na kusafisha kabureta hakutakusaidia chochote. Fundi asiyekuuliza mashine inakata kwa namna gani, bali anaanza moja kwa moja kufungua nati, mwombe asubiri kidogo.

Muda nao unasema. Kikombe kilicho chini ya kabureta hubeba mafuta ya kuendesha injini ndogo kwa dakika moja hivi, pengine zaidi kidogo kama haina mzigo. Ikikata baada ya sekunde tatu au tano, mafuta ya kwenye kikombe hayajaisha, basi tafuta kwenye jeti (vitundu vya kupitishia mafuta ndani ya kabureta), choki au sensa ya oili. Ikikata baada ya dakika moja au mbili, tafuta kati ya tangi na kabureta.

"Inakubali choki ikiwa imefungwa. Nikifungua tu, inakata."

Hili ndilo linaloongoza, na nitakaa hapa kuliko kwingine.

Choki ikifungwa inapunguza hewa, kwa hiyo injini inavuta mafuta mengi zaidi. Mashine inayoishi kwa choki tu inakuambia kwamba mafuta yanayopita ni machache. Yumkini kubwa ni jeti iliyoziba. Baada yake ni maji ndani ya mafuta. Ya tatu ni hewa inayoingia kwa wizi kupitia gasketi kati ya kabureta na kichwa cha injini. Kabla ya yote hayo, lakini, hakikisha hukufungua choki mapema mno. Asubuhi ya baridi ufukweni mashine inahitaji nusu dakika hivi kupata joto, na choki inafunguliwa taratibu, si kwa mkupuo.

Kwa nini jeti huziba sana huku kwetu? Sababu mojawapo ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea, kazi inasimama na mashine zinaegeshwa. Petroli iliyobaki kwenye kikombe cha kabureta inapungua kwa kukauka, inaacha utando wa kunata kama gundi, na jeti ni mlango mwembamba kuliko yote. Giza likirudi, mwenye mashine anavuta kamba, inashika, inakata. Ndivyo ilivyo pia kwa pampu za mboga: masika inaponyesha kati ya Machi na Mei hakuna anayemwagilia, pampu inakaa stoo na mafuta yake tumboni, na Juni malalamiko yanaanza. Jenereta nayo husahaulika pale umeme wa gridi unapotulia.

Anza na hatua nyepesi. Funga koki. Weka chupa ya plastiki angavu, iliyokatwa, chini ya kikombe cha kabureta. Chini ya kikombe kuna bolti ndogo ya kumwagia, mara nyingi ya spana namba 10. Ilegeze, acha mafuta yamwagike kwenye chupa, kisha iache chupa itulie dakika chache na uitazame dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini, yakiviringika kama shanga ukitikisa. Ukiyaona, usiridhike kumwaga kikombe peke yake. Tangi zima lina maji, na pengine dumu ulilonunulia pia. Mwaga vyote.

Kama mafuta ni safi lakini yananuka kama rangi ya zamani badala ya ile harufu kali ya petroli, yamechacha. Yamwage na utie mapya. Mwongozo wa Honda unatahadharisha kwamba petroli inaweza kuharibika ndani ya siku 30 hivi. Mafuta yaliyochacha usiyamwage ziwani wala mferejini. Maji hayo ndiyo tunayochota na kuvulia.

Funga bolti, fungua koki, subiri kikombe kijae, washa tena. Mara nyingi hatua hii peke yake inatosha, kwa sababu uchafu wa chini huondoka na mafuta.

Isipotosha, kikombe lazima kishuke. Koki ikiwa imefungwa, ondoa bolti ya katikati chini ya kikombe na ukishushe taratibu. Kuna mpira wa mviringo unaozuia kuvuja, uangalie usichanike. Ukilowa petroli unaweza kuvimba usirudi mahali pake, uache ukauke kivulini kwanza. Ndani utaona floti, boya dogo linalofunga mafuta kikombe kikijaa, na katikati bomba lenye jeti kuu, ambayo inafunguliwa kwa bisibisi bapa inayoenea vizuri kwenye mfereji wake. Bisibisi nyembamba itaiharibu shaba na hutaitoa tena. Juu yake kuna kibomba kirefu chenye vitundu ubavuni, nacho kitoe. Jeti ya pili, ile ya mwendo mdogo, iko pembeni, chini ya skrubu ya sailensa (mwendo wa chini bila resi). Watu wengi husafisha jeti kuu wakaisahau hii, halafu wanashangaa mashine inakwenda vizuri ikiwa na resi lakini inakata ukiirudisha sailensa.

Inua kila jeti juu uitazame dhidi ya anga. Tundu liwe la duara, lenye mwanga mzima. Ukiona nusu mwezi au ukungu, bado. Loweka kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Usitumie pini, sindano wala spoku. Chuma kinapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa hairudi: mashine itakula mafuta na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Malizia kwa upepo wa kompresa, na kwa hili vijana wa kuziba pancha wanatosha. Vaa miwani au geuza uso, petroli ikirushwa na upepo huingia machoni.

Hapa nina neno kwa wale wanaoambiwa kwamba jeti lazima itobolewe au ibadilishwe "kwa sababu ya mwinuko wa Mwanza". Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kweli mwinuko unapunguza nguvu, na mwongozo wa Honda unakadiria asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Pampu yako itakuwa dhaifu kidogo kuliko ingekuwa Tanga. Lakini marekebisho ya kabureta mwongozo huohuo unayataja kwa mashine zinazofanya kazi juu ya mita 1,500. Kwa mtu wa ufukweni, kutoboa jeti ni kuharibu kitu kizima.

Ukishasafisha na bado inadai choki, tafuta hewa ya wizi. Kaza nati mbili zinazoshikilia kabureta, tazama gasketi zake kama zimepasuka au zimewekwa kinyume. Mashine ikiwa inaunguruma, mwagia tone la maji yenye sabuni kwenye maungio: sauti ikibadilika au povu likivutwa ndani, umepata. Watu wengine hutumia petroli kwa jaribio hili. Usithubutu. Petroli juu ya injini inayofanya kazi ni moto uliotafutwa.

"Inakwenda dakika kadhaa, inafifia. Nikiiacha ipumzike, inawaka tena."

Mtuhumiwa wa kwanza ni kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupitishia hewa, na kikiziba kwa vumbi au matope, tangi linakosa hewa ya kujaza nafasi ya mafuta yanayotoka, mafuta yanasimama. Mashine ikipumzika hewa inajipenyeza polepole, nayo inakubali tena. Jaribio lake halina gharama: inapoanza kufifia, legeza kifuniko. Ikirudia sauti yake, mwizi ni huyo. Osha kifuniko, puliza kitundu. Na kama umeweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili mafuta yasimwagike kwenye mtumbwi au mgongoni mwa bodaboda, kitoe, maana wewe mwenyewe ndiye uliyeziba.

Mtuhumiwa wa pili ni chujio dogo ndani ya tangi au kwenye koki. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa, kisha fungua. Mafuta yatoke kwa mkondo usiokatika. Yakidondoka matone, chujio limeziba au mpira umeoza kwa ndani. Mpira unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba umeziba njia, hasa ule wa bei rahisi usiotengenezwa kwa petroli. Mpira uliokakamaa na kupasuka usiufunge kwa utepe. Badilisha.

Kama mafuta yanashuka vizuri, baki na swali moja: je, inakata tu ikishapata joto? Hapo kuna vyanzo viwili vya ndani zaidi. Koili, inayotengeneza moto wa plagi, inaweza kuupoteza ikichemka na kuurudisha ikipoa. Valvu zilizokazwa mno nazo hupoteza kompresheni injini inapopata joto. Kwenye GX160 nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa. Kama huna geji ya kupimia na hujawahi kuifanya kazi hiyo, huu ni mlango wa fundi.

"Inakata ghafla, hata haikohoi."

Wakulima wa ufukweni, sehemu hii ni yenu. Pampu nyingi na jenereta nyingi za mtindo huu zina sensa ya oili. Oili ikipungua, sensa inakata moto ili injini isijiue. Sasa pampu inapowekwa kwenye mteremko wa ukingo wa ziwa ili ifikie maji, oili inakimbilia upande mmoja, sensa inaona pakavu, inakata. Mwenye pampu anavuta kamba, inashika, inatikisika, inakata tena. Siku nzima inaishia hapo, na nyanya zinanyauka.

Chimba jukwaa dogo, weka pampu ikae bapa, kisha pima oili. Kwenye injini za GX na jamaa zake kijiti cha kupimia kinaingizwa bila kukizungusha, kinatolewa, kinasomwa. Ukikizungusha kitakudanganya. GX160 inachukua takriban nusu lita na kidogo, karibu lita 0.6, kwa hiyo hata kikombe cha chai kikipungua ni pungufu kubwa. Oili ya kwanza inamwagwa baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au miezi 6.

Oili imejaa, pampu imelala bapa, bado inakata? Sensa ina waya unaotoka ubavuni chini ya injini, mara nyingi wa njano. Uchomoe kwa muda na ujaribu kuwasha. Ikikaa, sensa ni mbovu, inunuliwe nyingine. Nawasihi msifanye ule mchezo wa kukata waya huo na kuusahau. Injini yenye oili pungufu na isiyo na sensa itashikana, na kinachofuata ni kununua injini.

Baada ya sensa, fuata nyaya za swichi. Mtikisiko huzichubua zikagusa bodi, na kila zikigusa moto unakatika. Tazama pia kofia ya plagi: ikilegea, inakatakata. Kwenye injini ya boti, angalia kamba ya usalama ya swichi ya kuzimia kama kipini chake kimekaa sawasawa.

"Inakaa sailensa, lakini nikipiga resi au nikitia mzigo inakata."

Anza na chujio la hewa. Barabara za vumbi za Kisesa na Misungwi wakati wa kiangazi huziba sponji ndani ya muda mfupi sana. Ondoa chujio, washa sekunde chache usikie. Kama nguvu imerudi, osha sponji kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipake oili kidogo, ikamue, irudishe. La karatasi halioshwi, linagongwagongwa au linabadilishwa. Usiendelee na kazi bila chujio, mchanga utakula silinda.

Kisha jeti kuu, kama nilivyoeleza. Kisha eksozi: wavu wake huziba kwa masizi, na mashine iliyokaa stoo nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Na kabla ya kulaumu injini, tazama mzigo wenyewe. Jenereta iwashwe bila kitu chochote, ipate joto, ndipo friji iunganishwe, tena friji peke yake kwanza, kwa sababu inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea. Injini ya boti inayokata ukitia gia, iinue utazame panga linalosukuma boti: huenda limeviringika wavu au mizizi ya gugumaji.

Injini za boti: mambo yake pekee

Usiiwashe nchi kavu hata "kidogo tu". Impela inayosukuma maji ya kupozea ni ya mpira, na bila maji inaungua upesi. Jaribia majini, karibu na mwalo, boti ikiwa imefungwa, kasia zimo na jaketi okozi zimevaliwa. Mashine inayokata mwaloni haitapona ikifika katikati ya ziwa, na upepo wa alasiri haukusubiri.

Ule mpira wa kupampu ulio kwenye bomba la mafuta ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Mshale wake uelekee kwenye injini. Pampu mpaka uwe mgumu. Usipokuwa mgumu kabisa, kuna hewa inaingia: angalia viungo na vile vipira vidogo vya kwenye koneksheni. Ukinywea ukawa bapa mashine inapokwenda, mafuta hayatoki tangini: umesahau kufungua skrubu ya hewa ya kifuniko, au chujio la ndani limeziba. Na kama mashine inaendelea kuishi pale mwenzako anapoendelea kuupampu kwa mkono, basi pampu ya mafuta ya injini imechoka, utando wake umepasuka. Kijisanduku cha vipuri vya kuutengeneza hupatikana, ila kufunga kunataka mikono iliyozoea.

Mchanganyiko wa oili ni eneo jingine la hasara. Injini nyingi za mipigo miwili zilizoko ziwani hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20. Ikiwa mpya, mingi ya miongozo hudai oili zaidi kwa saa za mwanzo. Tumia chupa yenye alama, usikadirie kwa jicho. Oili ikizidi, plagi inalowa na kuwa nyeusi, mashine inashika na kukata kwa moshi mzito. Ikipungua, itakwenda vizuri sana mpaka pistoni ishikane. Oili iwe ile ya boti, yenye alama TC-W3. Injini ya mipigo minne, iwe ya boti au pampu, haichanganyiwi oili kwenye mafuta kabisa. Kwenye familia yenye pampu na boti, dumu moja likitumika kwa vyote viwili, makosa hutokea. Madumu yatofautishe kwa rangi.

Visiwani mafuta hufika kwa madumu, yamepita mikono kadhaa. Petroli ya kituo huwa na vinasaba (alama maalumu za kuitambulisha) vya kuzuia uchakachuaji, lakini dumu likishafunguliwa hakuna anayelinda. Kabla ya kumimina, chukua kidogo kwenye chupa angavu, yatulie, tazama maji na uchafu. Mimina kupitia faneli yenye chujio. Usitie dumu zima mpaka tone la mwisho, kwani maji na mchanga vinalala chini.

Plagi

Nimeiacha nyuma makusudi. Kavu na kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu: hewa pungufu au choki iliyoachwa. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta: imelewa, ikaushe, futa, fungua choki na resi yote, vuta kamba mara kadhaa ukiwa umeiondoa plagi ili silinda ipumue, na koki iwe imefungwa. Nyeupe: mafuta machache, rudi kwenye jeti. Nafasi ya ncha zake kwa GX160 ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ukipima moto, bonyeza chuma cha plagi kwenye bodi mbali na tundu lake, mafuta yaliyomwagika yakiwa yamefutwa, na usiishike kwa mkono mtupu.

Hapa simama, mwite fundi

Oili ikipanda badala ya kushuka, ikawa nyepesi na kunuka petroli, usiwashe tena. Sindano ya floti haifungi, na mafuta yanashukia ndani ya injini. Oili hiyo hailindi kitu. Ukikuta kamba haivutiki kabisa, usiilazimishe, silinda inaweza kuwa imejaa mafuta au injini imeshikana. Simama pia ukisikia mgongano wa chuma, ukiona mafuta yanavuja karibu na eksozi, moshi wa bluu usiokatika, au kamba ikiwa nyepesi ajabu kana kwamba ndani hamna kitu. Upande wa umeme wa jenereta ni wa fundi umeme, na kuichomeka kwenye soketi ya nyumba iliyounganishwa na TANESCO ni kuhatarisha maisha ya fundi aliye juu ya nguzo.

Unapompelekea fundi, iwe Igoma, Kirumba au Nansio, mpelekee na maelezo: inakata baada ya muda gani, inafifia au inakata ghafla, inaishi kwa choki au la, ilikaa muda gani bila kazi, na mafuta ulinunua wapi. Beba na ile chupa uliyomwagia mafuta ya kabureta, usiioshe. Na ukiirudisha nyumbani ikiwa nzima, kila unapoiegesha kusubiri giza la dagaa au kiangazi, funga koki ingali inanguruma, iache imalize mafuta ya kikombe mpaka izime yenyewe, kisha legeza ile bolti namba 10 itoe kilichobaki.